Tangu Lini? Maisha ya Mama Mistari

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha sabuni, poleni, na ahsanteni kwa kufika. Mwenye kijitabu cha ratiba mkononi ameshaona kwamba ukurasa wa mwisho umebandikwa kipande cha karatasi kwa gundi, tena kimekaa upande. Msimlaumu mchapaji, hana kosa. Kipande hicho kina habari yake, na tutaifikia. Kwanza tumweleze marehemu, ingawa neno lenyewe, marehemu, bado ni geni kwetu. Jumanne asubuhi alikuwa anatafuta miwani yake, kumbe ameipandisha kichwani. Jumanne hiyo hiyo mchana sisi tulikuwa tunatafuta gauni la kumvika. Jamani, mtu analizoeaje jambo kama hilo?

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watatu wa baba seremala na mama mshonaji, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba. Vumbi la mbao lilikuwa halikosekani hata kwenye mito ya kulalia. Mbele yake alitangulia kaka mkubwa. Nyuma yake akafuata mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayewasomea haya, kwa hiyo mkisikia sauti inakatika, mvumilie.

Alipokuwa na miaka saba hivi, kikombe cha mama cha wageni kilivunjika mikononi mwa kaka mkubwa. Mama akasimama mlangoni, kandambili mkononi. "Nani kavunja?" Kaka akaanza kulia kabla hata hajaguswa. Dada akachuchumaa, akaokota vipande, akavigeuzageuza, kisha akauliza kama mtu mzima, "Mama, kikombe hiki kina ufa tangu lini?" Na kweli, sehemu kubwa ya ukingo uliovunjika ilikuwa nyeusi kwa chai iliyopenya siku nyingi. Baba alicheka mpaka akauweka msumeno chini. Mama alijikaza, akashindwa, akacheka naye, na kandambili ikarudi mguuni. Kaka aliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo nyumbani tulimwita Tangu-Lini, na alikuwa akiitika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari hadi 1988, na huko hesabu zilimkaa kichwani kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1993 alihitimu chuo cha ufundi katika udhibiti wa ubora wa bidhaa. Kusema kweli, nyumbani hakuna aliyejua hicho ni kitu gani. Baba aliwaambia wateja wake kwamba binti anasomea kukagua. Wakimuuliza kukagua nini, alikuwa anainama kutafuta misumari.

Februari 1994 aliajiriwa na kiwanda cha sabuni, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka Jumatatu ya wiki hii. Chumba chake mnakijua: meza, mizani, kiti chenye mto wa kujishonea, na dirisha la kioo linalotazama mashine ya kukatia miche ya sabuni. Ukutani kulikuwa na chati. Kila saa alichukua miche mitano iliyotoka kukatwa, akaipima, akapata wastani, akaweka nukta. Katikati ya chati kulikuwa na mstari wa wastani, na mistari mingine miwili, mmoja juu na mmoja chini. Hiyo miwili hakuipanga bosi kwa matakwa yake. Marehemu aliikokotoa mwenyewe kutokana na uzito ambao mashine ilikuwa ikitoa siku zote ikiwa nzima. Ndiyo maana mkamwita Mama Mistari.

Msimamizi wa zamu wa wakati ule alikuwa bwana mmoja mwenye haraka. Nukta ikishuka kidogo, huyo, mbio na bisibisi. Ikipanda kidogo, mbio tena. Marehemu alimshika mkono. "Bosi, mashine ina pumzi kama wewe. Ikivuta unaikaba, ikitoa unaikaba, utaiharibu bure. Nukta iko ndani ya mistari. Iache." Lakini nukta moja ikiruka nje ya mistari, aligonga kioo kwa kalamu na kazi yote ilisimama, liwe liwalo, hata kama mgeni wa heshima yuko mlangoni.

Kilichokuwa kigumu kueleweka ni jambo la tatu. Alisema kuna nukta ambazo hakuna hata moja yenye kosa, zote ziko ndani ya mistari, lakini ukizitazama pamoja zinateremka polepole, moja chini ya nyingine. "Hapo kuna kitu kimebadilika," alikuwa anasema, "na hakijapiga kelele bado." Watu wakianza kunyoosheana vidole aliwakatisha. "Usiniambie nani. Niambie tangu lini."

Kwa swali hilo hilo alipata mume. Mwaka 1996 miche ilianza kupungua uzito, wateja wakaja juu, na lawama zote zikamwangukia mkataji mmoja mgeni, mrefu, mpole, asiyejua kujitetea. Eti mkono wake mzito. Eti anafanya makusudi. Walikuwa wameshamwambia avue aproni aende zake. Marehemu akawaita wote mbele ya chati, akaweka kidole mahali nukta zilipoanza kuteremka. Tarehe hiyo mkataji yule alikuwa hata hajaajiriwa. Na siku hiyo hiyo ndipo mashine ilipofungwa kishikio kipya cha waya wa kukatia, na walipokwenda kukiangalia walikikuta kinasogea, kidogo kidogo, kiasi cha unywele. Msimamizi alimwomba mkataji radhi palepale, na tumpe haki yake, maana si mabosi wote wanaojua kuomba radhi.

 Kesho yake mkataji aliweka chungwa kwenye dirisha la Mama Mistari. Siku iliyofuata, chungwa. Marehemu alikuwa akitusimulia huku akicheka mpaka machozi: "Nikaona machungwa yanazidi kuwa makubwa. Nikajua hapa kuna kitu kimebadilika." Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1997, na aliyeshika mkono wa bibi harusi mpaka mbele alikuwa kaka mkubwa. Walijaliwa binti mwaka 1999 na mtoto wa kiume mwaka 2003. Kijana alipokuwa shuleni, alama zake zilipanda na kushuka, baba akipata wasiwasi mama anasema, "Hizo pumzi tu." Mpaka mitihani kadhaa ilipofuatana ikishuka kidogo kidogo. Hapo aliomba ruhusa kazini, akaenda kukaa dawati la nyuma darasani kwa mwanawe. Alirudi na jibu: mtoto haoni ubao. Miwani ikanunuliwa, hakuna aliyechapwa.

Sasa tunafika pagumu. Kwa kawaida wasifu huwa na aya ya ugonjwa, na sisi hatuna ugonjwa wa kuwasimulia. Hakulala kitandani hata siku moja. Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023 alirudi kutoka kazini akasema amechoka. Mumewe akamwambia, "Mama, twende hospitali." Akajibu, "Kesho. Leo ni uchovu tu." Jumanne tarehe 10, saa moja na nusu asubuhi, alikaa kwenye kigoda kuvaa viatu. Kimoja alikifunga kamba. Mumewe alikuwa jikoni anamimina chai, akasikia kiatu cha pili kinaanguka. Alifikishwa hospitali akiwa ameshakata roho. Daktari alisema moyo ulikuwa umepanuka na umechoka kwa muda mrefu.  Muda mrefu upi? Moyo upi? Huyu huyu aliyekuwa anatugombeza kwa simu kwamba hatunywi maji?

Mshtuko ukikosa pa kwenda hutafuta mtu. Kaka mkubwa ameruhusu haya yasomwe, tena amesisitiza. Alhamisi alikwenda kwa mchapaji akaagiza mstari wa mume uondolewe kwenye orodha ya wafiwa. Vijitabu vikatoka vikisema marehemu ameacha watoto wawili, kaka na mdogo, basi, kama vile wale watoto waliokotwa. Kaka aliagiza pia kwamba leo, mbele ya kaburi, mume asimame na wageni.

Jana alasiri familia ilikaa sebuleni. Kaka aliongea kwa hasira, na msimwone mbaya, alikuwa amelia siku tatu. "Shemeji, ulikuwa naye chumba kimoja. Hukuona? Kama si wewe wa kuulizwa, ni nani?"

Mume alikaa mikono katikati ya magoti.  Alikuwa anatazama chini ya kigoda, kwenye kile kiatu ambacho hakuna aliyekuwa na ubavu wa kukiondoa. Waliomjua zamani kiwandani wanasema hivyo ndivyo alivyotazama chini siku ile alipoambiwa avue aproni. Aliyemtetea siku ile ndiye aliyekuwa hayupo.

Ni binti aliyefungua kinywa. "Mjomba, mama angekuwa hapa asingeuliza nani."

 Mkaguzi mwenzake marehemu wa kiwandani, aliyekuja kutupa pole, ndiye aliyejikohoza kwanza. Alisema tangu mwanzo wa mwaka Mama Mistari alikuwa anasoma mizani akiwa ameketi, na yeye alidhani ni ule mto mpya wa kiti. Kijana akasema mama aliacha kwenda naye sokoni, anamtuma, naye alifurahi kubakishiwa chenji. Mdogo wake marehemu, huyu anayewasomea, alisema kwamba kwenye simu dada alikuwa anapumzika katikati ya sentensi, akadhani ana kitu jikoni. Binti akasema mto wa pili, ule wa wageni, ulikuwa umehamia kitandani kwa mama, ili alale kichwa kikiwa juu.

Kisha ikawa zamu ya kaka mkubwa, ingawa hakuna aliyemtaja. "Mwezi wa nane nilikuja," alisema. "Siku zote ananisindikiza mpaka barabarani. Safari ile aliniaga mlangoni. Nikasema moyoni, dada naye ameanza utu uzima." Akafunika uso kwa kofia yake. "Nilimwona. Mimi mwenyewe nilimwona."

Sote tulimwona, ndugu zangu, na hilo ndilo linalotuuma. Kila mmoja alikuwa na nukta yake, iko ndani ya mistari, haina kosa, na hakuna aliyeziweka kwenye karatasi moja. Mumewe alizikosa kama sisi, na pia kwa sababu mtu unayeamka naye kila siku humwoni akibadilika. Hata yeye mwenyewe, bingwa wa mambo hayo, alipima sabuni ya watu karibu miaka thelathini na hakujipima. Tunamkasirikia kwa hilo, dada yetu, tuseme ukweli. Halafu tunamlilia.

Leo asubuhi kaka mkubwa alikuja na gundi na vipande vya karatasi alivyochapisha kwa gharama yake, akakaa kwenye meza ya kulia chakula, akaanza kubandika kijitabu kimoja kimoja.  Kipande kimoja kinapanda, kingine kinashuka, kingine kimekaa upande kabisa. Alianza kubandua ili anyooshe, karatasi zikawa zinachanika, jasho linamtoka. Mume alikuja akasimama nyuma yake, akatazama kazi ile kwa muda, akamwekea mkono begani.

"Acha, shemeji," alisema. "Iko ndani ya mistari."

Walikaa wakabandika pamoja mpaka vikaisha. Kiatu cha pili amekiokota mume mwenyewe, amemvisha marehemu, na kamba amezifunga yeye.

Basi fungueni ukurasa wa mwisho, tusome kilichoandikwa. Marehemu ameacha mume, rafiki yake wa miaka yote, ambaye atasimama mbele ya kaburi pamoja na watoto. Ameacha binti na kijana. Ameacha kaka yake mkubwa na mdogo wake wa kike. Ameacha wafanyakazi wenzake, na chati ukutani ambayo nukta yake ya mwisho ni ya Jumatatu jioni.

Pumzika kwa amani, Tangu-Lini wetu. Hapa hakuna tena anayeuliza nani.