Tunabeba, Hatuburuti: Rinus Hoogland Anapumzika

Kwanza niwieni radhi. Willemijn, meneja wetu, aliniomba niandike haya tangu maua ya tulipu hayajafunguka, na leo tunafagia majani makavu mlangoni ndiyo kwanza nakaa kuandika. Mtoto wangu, Lieve, anaota meno. Anayejua, anajua, asiyejua, asubiri zamu yake.

Ijumaa hii, tarehe ishirini na saba Septemba, Rinus Hoogland, mbeba mizigo wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano katika Hoteli ya Mlango wa Kijani. Hapa mtaani Jordaan kila mtu humwita Mjomba Rinus, hata waliomzidi umri. Saa ya mkononi ameikataa. Safari ya meli ameikataa pia, anasema maji ameyaona ya kutosha. Ameomba jambo moja: akishaondoka, masanduku ya wageni yaendelee kubebwa kutoka darajani hadi mlangoni, yasiburutwe juu ya mawe ya njia. Ombi hilo bado halijakubaliwa. Nitaeleza.

Kazi hii aliianza kama kibarua cha siku moja. Alikuwa akiuza vitunguu sokoni, na hoteli ilikuwa nyumba mbili tu nyembamba. Vitanda vipya vililetwa, na ngazi zetu mnazijua, ukipanda na mto lazima mmoja wenu asubiri. Basi akaitwa pamoja na rafiki zake wavivute kwa kamba, kutoka nje, kwenye kulabu iliyo juu ya madirisha, chini ya paa, na kuviingiza dirishani. Jioni mwenye hoteli akamuuliza kama kesho atarudi. Rinus akajibu, "Nitarudi, lakini supu yenu itiwe chumvi." Supu ikatiwa chumvi, naye hajaondoka mpaka leo.

Tangu hapo amezibua mabomba, amefungua milango iliyogoma, na ameopoa kwenye mfereji wa maji ulio mbele yetu baiskeli, simu za wakubwa na bwana harusi mmoja aliyerudi nyuma kidogo ili picha ipendeze. Lakini mkimuuliza mtu wa mtaa huu juu ya Rinus, atawasimulia habari ya hodhi.

Nyumba zetu mbili za mwanzo zimembana katikati Shangazi Toos Blankevoort. Siku zile Shangazi Toos hakuwa rafiki. Hoteli ilitaka kununua nyumba ya tatu, ile ya kona, naye alikuwa amepita kwa majirani wote kukusanya saini za kuizuia. Ndipo likaja hodhi la kuogea la chumba cha harusi, zito, jeupe, lenye miguu ya simba. Asubuhi ile ilikuwa na ukungu. Aliyepanda kufunga kapi alitembea juu ya paa akahesabu nyumba kwa kuanzia upande usio wake, akalifunga kwenye kulabu ya jirani. Shangazi Toos naye alikuwa ameacha dirisha wazi, anaanika mfarishi kama wanawake wote wa hapa asubuhi. Rinus na wenzake wakavuta kutoka chini, shingo zimewakauka kwa kutazama juu, na hodhi likaingia dirishani vizuri mno, halikugusa hata ukingo. Wakapigiana makofi. Kisha kichwa cha Shangazi Toos kikatokea juu ya mguu wa simba.

"Rinus," alisema, na mtaa mzima unasikiliza, "kama nanuka, si ungeniambia pembeni?"

"Shangazi, hilo ni la wageni."

"Basi waambie waje kuoga, taulo zipo. Kelele za masanduku yao zimeshahamia kwangu zamani, walichobakiza ni wao wenyewe."

Mvua ikaanza, kamba ikalowa, na hodhi halikuweza kushushwa mpaka mchana. Shangazi Toos akawakaribisha kahawa wale vijana, biskuti moja kila mtu, kisha kopo likafungwa. Hapo ndipo alipomweleza Rinus kilichokuwa kikimuuma. Mumewe, Wim, alikuwa mwoka mikate. Alirudi nyumbani alfajiri na kulala chumba cha mbele. Saa ileile ndiyo wageni wetu waliposhuka kwenye teksi darajani na kuburuta masanduku yenye magurudumu, ambayo wakati huo yalikuwa ndiyo kwanza yameingia.

"Wageni wenu wanalalia shuka za hariri," alisema. "Wim wangu analalia trrr, trrr, trrr."

Kesho yake, kabla hapajapambazuka vizuri, Rinus alikuwa amesimama darajani. Hakuna aliyemtuma. Mgeni aliposhuka tu, yeye akashika sanduku, akalitupa begani, akaanza kutembea. Mama mmoja alidhani anaibiwa akampiga mwavuli. Bwana mmoja mwenye koti la manyoya alikataa katakata, akasema sanduku lake hushika mwenyewe.

"Shika, bwana," Rinus akamwambia. "Kubeba ruhusa. Kuburuta ndiyo hapana."

Yule bwana alibeba hadi mlangoni, uso mwekundu kama nyanya, na amekuwa akirudi kwetu kila mwaka. Sasa anabeba bila kuambiwa, na anawakemea wengine. Theluji ikianguka, Rinus huleta kigari cha mbao cha kuteleza alichochezea utotoni, akayapanga masanduku juu yake, yakapita kimya mlangoni kwa Shangazi Toos kama bata majini.

Majira yale ya kuchipua Shangazi Toos alivaa koti lake zuri akapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii kufuta saini. Aliwaambia majirani, "Siwapendi bado, lakini wamejifunza kunyamaza." Hoteli ikapata nyumba ya kona. Chumba cha kifungua kinywa kiko mle. Mkate wangu uko mle, na wa wengi wenu.

Mimi mwenyewe nina deni la shukrani kwake. Niliporudi kazini baada ya kujifungua, mahali pa kukamulia maziwa ya mtoto palikuwa kijichumba cha mashuka, nacho hakina ufunguo. Rinus aliweka kiti nje ya mlango akaketi na gazeti lake. Siku ya kwanza Willemijn alikuja anataka foronya.

"Foronya baadaye," alimwambia. "Humo ndani chakula cha Lieve kinapikwa."

"Mpishi nani?"

"Mama yake. Na hapendi wapishi wenzake jikoni."

Hakukosa siku hata moja hadi nilipomwachisha mtoto, na hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa mtu. Nimelitaja mimi, maana linastahili kutajwa.

Sasa magoti yake yamechoka. Mwezi uliopita, kwenye kikao, Willemijn alisema hana mtu wa kuajiri mahali pake na kwamba wageni wana mikono.

"Wanayo," Rinus akasema. "Ndiyo wanayoburutia."

Tulicheka sote, Willemijn pia. Lakini alilosema baada ya kicheko ni hili: kama kila asubuhi ya juma itapata mmoja wetu wa kusimama darajani, desturi itabaki. Asubuhi moja ikikosa mtu, basi, kuanzia Jumatatu wageni watajiburutia. Ni haki yake kusema hivyo. Ila mjue kwamba Wim bado yu hai, ni mgonjwa, kitanda chake kiko palepale mbele, na usingizi anaoupata ni ule wa alfajiri peke yake.

Mjomba Rinus, asante kwa mabega yako, kwa mizaha yako, na kwa kutufundisha kwamba hoteli nzuri ni ile ambayo hata jirani asiyelipa analala. Nenda ukalime vitunguu vyako ng'ambo ya kivuko pamoja na mkeo Gré. Mungu akupe magoti yanayokunjuka na kahawa isiyopoa, na kopo la biskuti lisifungwe haraka mbele yako. Uishi vyema, nasi tutakuja kula.

Wengine wote, nisikilizeni. Keki ipo, maua yapo. Kabla ya Alhamisi jioni bado nahitaji mniletee haya, na sitaki kumkumbusha mtu mara mbili:

Mikanda miwili ya begani, mipana, kwa kuwa ule wa Rinus umekatika na ameufunga kwa uzi wa viatu.

Koti moja la mvua, kubwa, litakaloachwa mapokezi, litakalomwenea yeyote.

Jina la mtu wa Jumanne, mmoja kutoka jikoni, msisukumiane.

Jina la Jumamosi. Najua Ijumaa huwa mnakesha. Leteni tu.

Jina la Jumapili. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zimeshapata watu.

La Jumatatu msilete. Baba Lieve atampeleka mtoto kwa mlezi siku hiyo, na darajani nitasimama mimi.

Jorien, kifungua kinywa