Kiti cha Mama Mkwe

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, msimamizi wetu wa usalama ghalani anastaafu rasmi. Madereva wa malori humwita Mama Mstari, na wapo waliofanya naye kazi miaka nenda miaka rudi bila kulijua jina lake jingine. Jina hilo alilipata kwa ule mstari wa njano uliopakwa sakafuni, kuanzia lango la kupakulia hadi kona ya vifungashio. Upande mmoja hutembea watu, upande wa pili hupita foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo, na asiye na ruhusa hakanyagi huko. Rangi ikifubaa kidogo tu, fundi rangi hana amani mpaka aje airudishie.

Alianza kazi kama karani wa kuhesabu katoni. Hesabu alizimudu, ila roho yake ilikuwa kwenye mashine. Akaomba kufundishwa, wakacheka waliocheka, akafuzu, akawa mwanamke wa kwanza kuendesha foklifti hapa kwetu. Wenzake wa enzi hizo husimulia kwamba alikuwa akipandisha shehena ya glasi hadi rafu ya juu kabisa bila glasi hata moja kulia. Husimulia pia kwamba alipenda kuimba akiwa kwenye usukani, na kwamba upande huo hakujaliwa. Tunathibitisha yote mawili.

Lakini mengi tunayomshukuru leo yasingekuwepo kama si mama mkwe wake. Enzi hizo Mama Mstari alikuwa bado bibi harusi, akiishi nyumbani kwa mama wa mumewe. Mama huyo hakuipenda ile mashine tangu mwanzo; kwa maoni yake, mke wa mwanawe angetafuta kazi ya kukaa ofisini. Hata hivyo alikuwa na huruma zake. Siku moja bibi harusi alisahau chakula cha mchana, na mama mkwe akakipasha moto kwa mikono yake mwenyewe, akakileta kazini. Mlinzi wa getini alikuwa jirani yake, akampungia mkono apite.

Mama akaingia kwa lango la kupakulia, akauvuka mstari, akawa anatembea katikati ya mashine akimwita mkwewe. Foklifti mbili zilikuwa kazini, kila moja imebeba katoni zilizopita kimo cha mtu. Mama Mstari alimwona kwa bahati tu. Alipiga honi, akashusha mzigo, akazima mashine, akachomoa ufunguo, akaruka chini na kumpigia kelele asimame, kwa sauti iliyosikika hadi ofisi za juu. Kisha akamkamata mkono na kumtoa nje mbele ya wapakizi wote, mama wa watu na bakuli lake la chakula.

Hakuna aliyeumia, na taabu ilianzia hapo hapo, maana hapakuwa na cha kuonyesha kwamba palikuwa na hatari. Nyumbani, mama alisimulia kama alivyoona yeye: kafukuzwa kama mwizi, na mke wa mwanawe, mbele ya wanaume. Habari zikawafikia shangazi na wajomba, kikao kikaitwa. Ikaamuliwa kwamba bibi harusi achague, aiache ile mashine au aondoke nyumbani kwa watu. Bibi harusi alipiga magoti, akasema maneno ambayo ukoo unayakumbuka hadi leo:

“Mama, kwa kukupigia kelele nimekosa, nisamehe. Kwa kukutoa sikukosa. Bora unichukie ukiwa hai.”

Hakusamehewa. Wiki zikapita akisalimia na kujibiwa na ukuta. Mwishowe aliomba jambo moja tu kabla hajafunga virago: mama aje naye ghalani Jumapili, kukiwa kumefungwa. Meneja wa wakati huo alikubali. Mashine iliegeshwa, imezimwa, katoni zimepangwa mbele yake, ufunguo mfukoni mwa Mama Mstari. Mama akapandishwa kwenye kiti cha dereva, akajipangia nguo zake vizuri, akaulizwa anaona nini mbele. Akasema anaona maboksi, angeona nini tena. Ndipo Mama Mstari akamwambia aliyekuwa mbele ajitokeze. Akatokea mwanawe wa pekee, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma ya zile katoni, karibu kabisa, angeweza kuzigusa.

Mama alishuka, akamshika mwanawe mabega, akamshika na mikono, kama anayemkagua mtu aliyerudi safari. Jioni ile bibi harusi ndiye aliyepakuliwa chakula wa kwanza.

Tangu hapo kila mgeni wa ghala letu hupitia kiti kile kabla ya kitu kingine chochote. Wamekipitia mafundi umeme, wakaguzi, wapiga picha na ndugu wa wafanyakazi. Wakala mmoja aliyekuja kutuuzia bima ya maisha alishuka, akauliza kama kuna mlango mwingine wa kutokea. Maghala jirani yameuiga utaratibu huo, na hatukuwanyima. Tangu uanze, hakuna mtu wa miguu aliyegongwa hapa kwetu. Kuna wazazi wanaorudi nyumbani kila jioni kwa sababu ya mwanamke huyu, na wengi wao hawajui. Sisi tunajua, na tunamshukuru kutoka moyoni.

Uongozi ulimwomba aongeze walau mwaka mmoja. Naye akasema tumwombe mama mkwe, ambaye sasa miguu imemwisha nguvu na hataki kulishwa na mkono mwingine ila wa mkwewe. Tulikwenda watatu, tukiwa tumevaa vizuri. Ajuza alitusikiliza kitandani hadi mwisho, kisha akatujibu taratibu:

“Mmekaa naye miaka yote hiyo. Mimi sina mingi. Nirudishieni mwanangu.”

Tuliaga, tukaondoka. Mama Mstari, asante kwa kila aliyefika kwake salama. Nenda kwa mama. Afya njema na raha tele viwe nawe huko uendako.