Kumuaga Bwana Fikiri na Sanduku la Bibi Mwamvita

Mheshimiwa Bwana Goossart, Administrateur na mkubwa wa teritwari yetu ya Kasongo. Mheshimiwa Padri Mkuu wa misioni. Shehe wetu wa msikiti wa Ijumaa. Waheshimiwa masultani mliotoka Nyangwe kwa mtumbwi na Wamaza kwa miguu. Ndugu Placide, karani wa kwanza na rais wa Serkle, chama cha watu walioendelea. Ndugu wageni waalikwa mliopata viti. Na ninyi mama zetu mnaochungulia madirishani kwa sababu hamkualikwa: nawasalimu wote, na walioko dirishani nawasalimu mara mbili, maana wamesimama.

Mimi ni Faradji bin Zuberi, fundi cherehani. Nimechaguliwa kusema kwa niaba ya wakaaji wa mji. Ndugu Placide alikuwa na hotuba yake tayari, ndefu kuliko msafara, lakini iko kwa Kifaransa, na Bwana amependa leo aagwe kwa Kiswahili, lugha anayoielewa yote isipokuwa ile tunayosema akishatupa mgongo.

Bwana, kila muzungu aliyetutawala hapa tulimpa jina. Wa kwanza wazee wetu walimwita Mafimbo, na aliyemfuata wakamwita Mafimbo Mapya. Wewe ulipofika tulikutazama, tukakusikiliza, tukakuita Bwana Fikiri. Usione ni dharau. Ni jina la heshima kubwa, kwa kuwa ni la kwanza ambalo halikuacha kovu mgongoni mwa mtu.

Ni nani hapa asiyeyajua mafundisho yako? Kila Alhamisi, wanaume wa Serkle wakiwa wamefunga tai, ulitufundisha kwamba wazo ndilo kitu chenyewe, kwamba dunia inafuata kichwa cha mtu kama mbuzi anavyofuata majani. Ufumbe macho, ukione kitu unachokitaka, usitie shaka, nacho kitakuja. Na sheria ilikuwa moja tu: atakayefumbua jicho kabla Bwana hajapiga makofi, ameua wazo la wote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zako, Bwana, tulizichana kwa bidii.

Mnakumbuka mto Luama? Maji yalipolichukua daraja la kwenda Kabambare, watu walikaa ng'ambo na mchele wao, na karanga zao, na mgonjwa mmoja katika machela. Tulitegemea Bwana atakuja na mbao na misumari. Alikuja na kiti. Akatupanga ukingoni, akatuamuru tufumbe macho tulione daraja, yeye akabaki ametukodolea macho ili asituache tupotee. Tukafikiri mpaka shingo zikauma. Alipopiga makofi tukafumbua, na mto ulikuwepo, tena umenenepa. Je, mafundisho yalishindwa? Hata kidogo. Uchunguzi ulifanyika papo hapo, ikaonekana Lukumani seremala alikuwa amefumbua jicho moja.

“Kwa nini ulifumbua?” Bwana akauliza.

“Bwana, nilisikia mamba,” akasema Lukumani.

Lukumani akalala gerezani, na wakubwa wa Bukavu wakaambiwa daraja lipo. Bukavu ni mbali, hakuna aliyekuja kulikanyaga. Wazee wetu walisema penye nia pana njia. Hawakusema penye nia pana daraja, lakini wazee wetu hawakusoma Ulaya.

Na Sultani wa Wamaza yuko pale, namwona anacheka ndani ya kofia yake. Yeye aliambiwa pamba itachanua ikiwa watu wake wataifikiria asubuhi na jioni. Bwana alipokwenda kutazama mashamba, Sultani alimpokea kwa adabu zote, akamwambia: “Bwana, pamba iko mingi sana mu kichwa. Utume sasa batu bako, baivune humo humo.”

Tufike katika nyumba hii tuliyomo, biblioteki yetu, fahari ya Kasongo. Itazameni vizuri. Rafu zile zilipigwa randa na Lukumani alipotoka gerezani, zikafika mpaka darini, na mwaka ule mgeni mkubwa kutoka Bukavu alipokaribia kuja kuifungua, havikuwepo vitabu. Mtu mwingine angehangaika. Bwana Fikiri aliniita mimi. Nikashona pazia hilo mnaloliona, kitambaa cha kijani kizito, nikatia risasi za kuvulia samaki kwenye pindo ili upepo usilipekue. Mgeni akasimama hapa nilipo mimi, akaambiwa kwamba nyuma ya pazia ipo elimu ya dunia nzima, akavua kofia. Nyuma ya pazia ulikuwepo ufagio wa Pascaline anayetufagilia. Upo hadi leo, na naamini umesoma sana.

Siku hiyo, Bwana, ulisema neno ambalo sisi hatukulisahau. Ulisema, mbele ya mgeni, kwamba watu wa nchi hii hawajawahi kuandika hata mstari mmoja, na kwamba maandishi yao yanaanza leo, katika nyumba hii. Ndugu Placide alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango huu, anakaa Bibi Mwamvita, dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Papa yao, yaani babu yangu, alikuwa mwandishi kule Nyangwe zamani za misafara, kabla Wabelgiji na Waarabu hawajapigana, na alichokiandika aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa masizi aliousaga mwenyewe. Bibi Mwamvita alirithi sanduku la karatasi zile. Akajifunza kuzisoma, akawafundisha watoto wa mji kuzisoma, wa Kiislamu na hata wa misioni wanaomtoroka Padri siku za katekisimu. Samahani, Padri. Humo mna nyimbo za harusi, mna tenzi za vita, mna habari za njaa na ndui, na mna vilio vya lugha ya Kizimba vilivyoandikwa kwa herufi zile zile, maana huzuni nyingine ilimkuta mtu kwa lugha ya mama yake na haikukubali kutafsiriwa.

Wiki iliyopita Bwana Fikiri aliingia pale kwa kutafuta kivuli, akaliona sanduku limefunguliwa. Yule yule aliyesema hakuna hata mstari akapiga magoti sakafuni. Akasema ni hazina. Akasema Ulaya kuna nyumba yenye vioo itakayolitunza.

Bibi akamwambia: “Bwana, miye niko nalitunza tangu nikiwa mutoto. Sijachoka.”

Na Bwana akamjibu kwa upole, maana ni mpole, kwamba asihuzunike: alifikirie tu sanduku kuwa liko kwake, nalo litakuwa kwake. Kisha askari wakalibeba. Ndilo lile pale karibu na mlango, mnaliona wote, limeshapakwa jina la Goossart kwa rangi nyeupe, linangoja lori, kamyo ya kesho ya kwenda Kindu.

Sasa, ndugu zangu, niruhusuni niache mzaha kidogo. Katika karatasi zile upo ubeti mmoja ambao babu yangu alimtungia mama yangu siku alipozaliwa. Umemtaja kwa jina lake, Safi, na umetaja mvua iliyonyesha asubuhi ile. Picha yake sina. Kaburi lake barabara ilipita juu yake. Ubeti ule ndio wote niliobakiwa nao, Bibi Mwamvita alikuwa akinisomea kila Idi, na kesho unapanda kamyo. Inaniuma, Bwana. Nimechekesha watu tangu niliposimama, lakini inaniuma sana.

Nauliza kwa heshima: je, kitu kisichokuwepo kinaweza kubebwa? Ikiwa maandishi yapo, basi ulimdanganya mgeni wa Bukavu. Ikiwa hayapo, basi sanduku lile ni tupu, na Ulaya sidhani kama imepungukiwa na masanduku matupu. Lakini sikuja kubishana. Mtu wa safari habishiwi, huagwa.

Na kuaga ni kwa zawadi. Serkle ilitaka kukupa kiti cha pembe. Sisi wa mji tulisema hapana, mwalimu hupewa zawadi moja tu, aone wanafunzi wake wameelewa. Basi, Bwana Fikiri, kwa mara ya mwisho, mbele yako, tutafikiri.

Simameni wote na mfumbe macho. Padri, wewe umezoea, tuongoze. Shehe, na wewe. Ndugu Placide, vua miwani kabisa. Askari uliyesimama mlangoni, sheria ya Bwana ni ya wote, fumba yote mawili, umkumbuke Lukumani. Bwana mwenyewe amekuwa wa kwanza kufumba. Ahsante, Bwana, hilo ndilo tunalokupendea. Mimi nitabaki ninatazama ili nisiwaache mpotee, kama ulivyofanya pale Luama.

Lifikirini sanduku la Bibi Mwamvita. Msilione limekaa, hilo ni wazo la kivivu. Lioneni linainuka. Mtu akisikia mbao zinagusa mlango asitie shaka, wazo zito lina kishindo chake. Mtu akisikia “polepole, shika kule,” ajue ni moyo wake unasema, na kama moyo wake una sauti ya mwanamke, asione haya. Bado, Bwana, bado. Ukifumbua sasa utaliua. Dirishani naona pako wazi. Mama zetu wamechoka kusimama, kila mmoja amekwenda zake. Fikirini barabara. Fikirini ng'ambo. Sasa linaingia uani, linapita penye mtungi, linakaa mahali pake pa siku zote, na mama mmoja mzee analipangusa kwa kanga yake.

Vigelegele hivyo mmevisikia pia? Basi nami napiga makofi. Fumbueni.

Bwana Fikiri, tazama mlangoni. Pamebaki vumbi tu, na brashi yako ya rangi. Miaka yote hii ulituambia wazo litakuwa kitu nasi tulikucheka chini chini. Leo, mbele ya Padri na Shehe, tunakuomba radhi. Tafadhali usimwulize askari, alifumba kwa amri yako.

Nakutakia safari njema mpaka Kindu, na mpaka kwenu. Na siku utakapolikumbuka lile sanduku usihuzunike. Lifikirie tu kuwa liko kwako, Bwana, nalo litakuwa kwako.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni zaidi kwa kufumba macho.