Siku Nilipomtaja Kaka Yangu Mahakamani

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena! Mimi ni Mama Mwende, yule fundi wa nguo hapa Masii. Wengi wenu mumevaa nguo nilizoshona, lakini haya ninayosema leo sijawahi kusimama nayo mbele yenu.

Ndugu zangu, nililelewa Muthetheni, kwa baba aliyependa maombi. Tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu Mutua. Jioni tulikaa jikoni tukichambua mbaazi, baba anaanzisha wimbo, Mutua anashika sauti ya chini ingawa alikuwa bado mdogo. Mvua ikijaza mto, alinibeba mgongoni mpaka ng'ambo ya shule, viatu vyangu vikining'inia shingoni mwake. Mpaka leo nikisikia harufu ya mbaazi mbichi, moyo unarudi kule. Nilidhani hakuna kitu kinaweza kuingia kati yetu.

Tulipokuwa watu wazima, Mutua akafungua duka la pombe hapa sokoni. Sikulipenda, lakini ni kaka yangu. Binti yangu Mwende alikuwa akipita hapo akimsalimia, "Anko!" naye anamrushia peremende. Mtoto huyo alikuwa anaimba Sunday school hapa hapa, mnakumbuka, yule wa gauni la njano. Nyumba yangu ilikuwa na kelele tamu siku hizo.

Basi akafika kidato cha tatu, umri wa miaka kumi na saba. Siku ya kufunga shule ikaangukia siku ya soko. Niko kwenye cherehani, simu ikalia. Sauti ya mwanamke ikaniambia, "Mama Mwende, kuja kituo cha polisi. Tuko na msichana wako."

Nilikimbia na sindano bado imechomekwa kifuani! Nikamkuta mtoto wangu amekaa sakafuni, sweta ya shule imejaa matapishi, hawezi hata kusema jina langu. Alikuwa amelewa, akapindua meza ya mama mmoja wa nyanya, akamtusi mbele ya soko zima. Yule afisa, Mungu ambariki, aliongea na mimi polepole.

"Mama, kulewa na kufanya fujo hadharani ni kosa. Lakini huyu ni mtoto, hatumweki na watu wazima. Kesho ataenda korti ya watoto, na wewe lazima uwe hapo."

"Atafungwa?"

"Hakimu ndiye ataamua. Lakini kuna mtu alimuuzia, na huyo pia sheria inamtafuta."

Pombe ilipompungua, nikamuuliza Mwende ni nani. Akalia, akaficha uso kwenye leso yangu. "Ni anko, mama. Huwa anatuuzia tukitoka shule. Mimi na wenzangu."

Ndugu zangu, kaka yangu mwenyewe!

Jioni hiyo Mutua akaja kwangu. Hakuketi. Akaniita vile tuliitana tukiwa watoto, "Mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, sema alipewa na vijana wa stendi. Mimi niko na watoto. Wakifunga duka, tutakula nini?"

Nilimwangalia nikamwona yule kijana wa mtoni. Alipoondoka nilipiga magoti nikasema, "Yesu, mimi siwezi kumchagua mmoja. Nipe la kusema."

Asubuhi kortini, hakimu alimuuliza Mwende kwa upole, "Pombe ulitoa wapi?" Mtoto akageuka. Akaniangalia. Nikaelewa kwamba akidanganya leo kwa sababu yangu, atadanganya maisha yake yote. Nikainua mkono, nikaruhusiwa kusimama. Nikasema, "Mheshimiwa, ni kaka yangu. Tumezaliwa tumbo moja." Haleluya! Si nguvu zangu! Sauti ilitoka na machozi, lakini ilitoka.

Mwende hakufungwa. Aliwekwa chini ya afisa wa probesheni wa kufuatilia mwenendo wake, akawa anapata ushauri kila wiki, na akaenda sokoni kumwomba msamaha yule mama wa nyanya. Mutua alishtakiwa kwa kumuuzia mtoto pombe. Akapigwa faini, leseni ikaenda, duka likafungwa.

Jamaa zetu walinikasirikia sana. Hata tukikutana kwenye mazishi hawakunipa mkono. Mutua akahamia Matuu kuuza maembe, na kwa muda mrefu sikusikia sauti yake. Nilizoea kuimba peke yangu jikoni nyimbo za baba, nikikosa ile sauti ya chini. Hayo ndiyo yaliniumiza kuliko korti.

Lakini Bwana hakuniacha! Jumapili moja nikitoka hapa ibadani nilimkuta Mutua mlangoni kwangu. Nikampa chakula. Akala, kisha akaweka kijiko chini.

"Nilikuwa naona watoto wanaingia dukani, nasema si wangu. Halafu ulisimama pale, nikajua huyo mmoja alikuwa wangu. Na wale wengine pia walikuwa wa mtu."

Alilia, nami nikalia. Mwende akatoka chumbani, akamshika mkono. Bwana apewe sifa!

Leo Mwende yuko chuoni Machakos mjini, anasomea uuguzi, na nyumba imekuwa kimya. Wakati mwingine natamani hata kelele zake za utotoni. Lakini ni kimya kizuri, ndugu zangu, kimya cha mtu anayejua mtoto wake yuko wapi.

Asante Yesu! Na wewe mzazi uliyekaa hapo, mtoto wako akishikwa, usimkane na usitume mtu. Enda mwenyewe. Sema ukweli hata ukikugharimu mtu unayempenda. Mwamini Bwana leo, kwa sababu Yesu haogopi kuingia stesheni ya polisi. Mimi nilimkuta huko.