Karavani ya Wiebren Itatoka Lini?

Kijijini kwetu, Friesland, tuna benchi la waongo. Si tusi hilo, limechongwa hivyo kwenye ubao wa kuegemea, na lipo bandarini palepale, mgongo kwa upepo, uso kwa mashua. Kanuni yake ni moja: neno la mtu aliyekaa halimfungi. Ukitaka kuaminiwa inuka, piga hatua tatu, simama kwenye mawe, ndipo useme. Watu wameuza ng'ombe kwa hatua hizo tatu. Jumatano ile, mwisho wa Septemba, saa nne na nusu asubuhi, tulikuwa wanne. Mimi ni Tjalling, ila benchini naitwa Kopo, maana kopo la biskuti nalishika mimi: kikombe kimoja, biskuti moja, kifuniko kinarudi, hata uwe umefiwa. Kulia kwangu alikaa Dira, yaani Hylke, aliyepeleka barua miaka thelathini na nne na anajua kila lango la mkoa. Kushoto Askofu, yaani Oene, ambaye hajawahi kuwa hata shemasi, alikuwa anavuta kengele tu. Na pembeni kabisa Wiebren, ambaye tunamwita Mfungwa, kwa sababu karavani yake, kile kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari, ilifungiwa miaka sita kwenye banda la mkulima mmoja, nyuma kabisa, mbele yake karavani arobaini za watu. Jumatatu yule mkulima alianza kubomoa paa la banda. Akaikokota karavani kwa trekta mpaka mlangoni kwa Wiebren, akaiacha, akaenda zake. Sasa kwetu karavani inaruhusiwa kukaa barabarani siku tatu tu, na Jumatano ilikuwa ya tatu.

— Mgeni siku ya tatu mpe jembe, alisema Askofu.

— Karavani italima nini wewe? aliuliza Dira.

— Nimesema methali, sijasema kilimo.

Wiebren hakucheka. Alishika kikombe kwa mikono miwili kama anataka kukikanya.

— Mke wangu kashasema. Ikifika saa sita kamili, ama nina mahali pa kuiweka, ama jamaa mmoja wa mjini Sneek anakuja kuichukua. Wameshapatana bei.

— Na mapazia yake? nikauliza, kwa sababu mapazia yale kijiji kizima kinayajua, Sjoukje mkewe aliyashona kwa mkono mwaka waliokwenda Norway.

— Na mapazia.

Akatazama mashua.

— Jamani, mimi sitaki iuzwe. Humo ndani ndimo mimi na Sjoukje tulikuwa tunacheka. Nyumbani tunakula tu.

Basi benchi likaingia kazini. Tuna kasoro nyingi, lakini mtu akileta shida hatumwachi aondoke nayo ikiwa ndogo.

— Sikiliza, Mfungwa, alianza Dira. Njia ya Pingjum kuna lile banda la vioo la nyanya. Nyanya zilishakwisha, siku hizi wanapanga karavani. Unaingia siku yoyote, unatoka siku yoyote, hata Jumapili.

— Jua litapausha mapazia, alisema Wiebren.

— Haya. Kuna uwanja wenye uzio kando ya barabara kuu. Kila mtu na ufunguo wake.

— Ufunguo nitaupoteza.

— Utafungwa shingoni, mzee mwenzangu, kama mtoto wa shule.

— Nitapoteza na shingo.

Askofu akajikohoza, akavuta koti.

— Kibanda cha kanisa, kile cha gari la maiti la zamani. Kitupu miaka yote. Mlango mdogo, lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango.

— Mlango ndio mbaya, alisema Wiebren. Unafunguka barabarani moja kwa moja.

— Sasa ulitaka ufunguke wapi, mbinguni?

Hapo mimi nikaanza kumtazama Wiebren vizuri. Nilimmiminia kahawa ya pili, nikatoa biskuti ya pili, nikafunga kopo, huku jicho langu liko usoni kwake.

— Kama ni mbinguni, aliendelea Askofu, ambaye ukimpa neno moja hujenga nalo ghorofa, basi tuipandishe mnarani. Kengele ndogo iliondoka wakati wa vita na haikurudi. Nafasi yake ipo, na kamba ipo. Tunafungua paa, tunavuta, inakaa juu na njiwa.

— Na ikitakiwa kushuka?

— Aliye juu mngoje chini.

— Miaka mingapi?

— Methali haina kalenda.

Na Wiebren, aliyekuwa amenuna tangu Jumatatu, akatabasamu.

— Hilo lina akili, alisema. Mnarani ni pakavu.

Dira hakukubali kushindwa na mvuta kengele. Akaweka kikombe chini.

— Mnara ni wa watoto. Mwezi ujao wanaongeza ukuta huu wa kuzuia maji ya ziwa, mita moja na nusu za udongo. Tunaisogeza karavani pale chini, wanaimwagia udongo, wanapanda majani, kondoo wanalisha juu. Mgambo wa halmashauri atapita hapo kila siku na daftari lake na hatajua. Mtaka cha mvunguni si sharti ainame? Na yeye ainame.

— Lakini itakuwa imezikwa, Dira.

— Imehifadhiwa.

— Nimelipenda, alisema Wiebren, na mashavu yake yakapata rangi. Udongo hauvuji.

Nikaona na mimi nitupe langu, tena langu lilikuwa na hesabu ndani yake.

— Sheria inasema siku tatu mahali pamoja. Kijiji kina nyumba mia moja ishirini na moja. Mara tatu, siku mia tatu sitini na tatu. Kila nyumba inaipokea karavani siku tatu, kisha inasogea kwa jirani. Siku mbili zinazobaki inalala mbele ya kanisa, mwaka umeisha, tunaanza upya. Halali kabisa.

Dira alipiga goti lake kwa furaha. Askofu alitaka kujua kama atakayeipokea wakati wa Krismasi anaruhusiwa kulaza mama mkwe ndani. Dira akasema mama mkwe naye atazunguka na karavani, ndiyo sheria, siku tatu tatu, na baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka alikuwa wa nani. Tulicheka mpaka bata wa bandarini wakahama.

Wiebren peke yake alisawijika.

— Haifai hiyo. Itabidi iwe inakokotwa kila mara.

— Mita ishirini tu.

— Mita ishirini ni mita ishirini, Kopo.

— Basi tuipake madoa meusi na meupe, alisema Askofu, tuiache malishoni na ng'ombe. Mgambo hahesabu ng'ombe. Ila ng'ombe hawajifichi, na mficha uchi hazai, kwa hiyo itazaa, mwakani utakuwa nazo mbili.

— Wewe methali unaziokota wapi? alisema Dira. Jalalani?

— Mfungwa, nikasema, mimi kuna kitu nakiona. Kila mahali penye njia ya kutokea unapakimbia. Kila kaburi unalikubali.

— Acha fiksi, Kopo.

— Fiksi ndiyo kazi ya benchi hili. Nakuuliza tu.

Sikupata nafasi ya kumbana, kwa sababu baiskeli ilisimama mbele yetu. Alikuwa Foekje, mkulima wa upande wa pili wa mfereji, buti za mpira miguuni, kadi ya njano mkononi. Mpaka mwaka juzi alikuwa na nguruwe. Siku hizi anaweka karavani za watu kwenye banda lao, na nguruwe walishaondoka, ila harufu yao bado inatafuta usafiri.

— Shikamooni, wazee. Mzee Wiebren, nimesikia. Nina nafasi moja imebaki, ni yako. Jibu swali moja tu nijaze kadi.

Benchi zima likashusha pumzi. Saa tano na nusu, na mambo yamekwisha hivihivi. Nilikuwa tayari nafungua kopo, kinyume cha sheria.

— Unaitoa lini? aliuliza Foekje.

— Ehe?

— Masika ikifika, unaitoa lini? Wanaotoka mapema nawapanga mbele, wanaochelewa nyuma. Nipe tarehe.

— Pasaka, alisema Dira.

— Pasaka barabara zinajaa, alisema Askofu. Aitoe Pentekoste.

— Pentekoste mvua. Mei mwanzoni.

— Mei mwanzoni Sjoukje anapanda viazi.

— Nimemuuliza yeye, alisema Foekje.

Tukamgeukia. Swali la maneno mawili, na mtu mzima wa miaka sabini na moja anaangalia viatu vyake. Nikamwinulia chupa ya kahawa nimwongezee nguvu. Ikatoa pumzi, ikatoa tone moja, basi. Kahawa imekwisha.

— Andika nitakwambia, alisema Wiebren.

— Nikiandika hivyo nakupeleka nyuma kabisa, ukutani.

— Sawa. Ukutani.

Aliyasema haraka mno. Na nyuma yetu sauti ikasema:

— Si mmesikia?

Sjoukje. Alikuwa amekuja kwa miguu, funguo za gari mkono mmoja, simu mkono mwingine. Hatukumsikia, kwa sababu benchi lina mgongo mrefu.

— Miaka sita, alisema, ananiambia mkulima kamfungia. Eti mama, haitoki, kuna arobaini mbele yake. Miaka sita likizo yangu nailalia sebuleni kwa dada yangu.

— Yule mkulima ni mjomba wangu, alisema Foekje taratibu. Kadi zake kaniachia zote, nimezisoma jana. Mzee Wiebren kaandika nitakwambia, mara sita.

Hapo mimi nilitamani benchi linimeze. Miaka sita tulimlaani yule mkulima. Askofu alikuwa hampi mkono kanisani. Dira, kabla hajastaafu, alikuwa akimpelekea barua zake zikiwa zimelowa, na siku zenyewe hazikuwa za mvua.

— Kadi ni karatasi tu, alisema Wiebren.

— Umekaa, alisema Sjoukje. Inuka.

Kwetu hilo si neno dogo. Mke akimwambia mumewe inuka kutoka benchi lile, kijiji kikisikia kinazima redio. Wiebren aliweka kikombe. Akainuka, magoti yakalia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama kwenye mawe, anatutazama sisi watatu kwa sababu kumtazama mkewe hakuweza.

— Naogopa kurudi kinyumenyume, alisema.

Hakuna aliyecheka, na sisi tunacheka mazishini.

— Kule Ufaransa, kwenye kambi ya karavani, mwaka wa mwisho. Nafasi yetu ilikuwa kati ya ua wa miti na kibanda cha kuoshea vyombo. Nikaanza kurudi nyuma. Watu wakatoa viti vyao. Wakakaa, mstari mzima, mmoja anagawa zeituni. Ukikata usukani kulia karavani inakwenda kushoto, ukifikiria sana inakwenda kokote. Dakika arobaini. Nikang'oa paa la kibanda. Mtu mmoja akapiga makofi.

— Nakumbuka, alisema Sjoukje.

— Na wewe ulikuwa nyuma unanionyesha kwa mikono. Nikashuka, nikakufokea mbele ya wote. Nikasema wewe ndiye umeniharibia.

Sasa akageuka, akamtazama.

— Hukuwa wewe. Ulionyesha sawasawa. Nilikuwa mimi, na niliona aibu, na kila masika aibu inarudi. Nisamehe, mke wangu.

Sjoukje akajifuta pua kwa mgongo wa mkono wenye funguo.

— Mita kumi za kurudi nyuma, alisema. Nimelalia kochi miaka sita kwa ajili ya mita kumi. Wiebren, karavani ikifunguliwa kwenye gari inasukumwa kwa mikono. Wale walioleta viti, hawana mikono?

Alitugeukia sisi tuliokaa.

— Na ninyi, kahawa yote hii, hamkuwahi kumwambia?

Dira akatazama ziwa. Mimi nikachunguza kifuniko cha kopo.

— Banda langu lina milango miwili, aliingilia Foekje. Unaingia huku, unatokea kule. Kurudi nyuma hakuna. Ila tarehe bado nangoja.

Wiebren alikuwa bado kwenye mawe. Akavuta pumzi.

— Aprili kumi na tisa. Asubuhi.

Foekje akaandika juu ya tandiko la baiskeli. Sjoukje akapiga simu, nikamsikia akisema samahani sana bwana, geuza gari, haiuzwi, hata pazia moja. Wakaondoka wote, Foekje mbele, wale wawili nyuma yake. Kidogo kidogo nikaona mkono wa Wiebren unapanda hewani, unakata kushoto, unakata kulia, anasimulia ule usukani, na Sjoukje anacheka mpaka ameshika ukuta. Miaka sita sijamsikia akicheka hivyo.

Tukabaki watatu, vikombe vitupu. Kengele ya saa sita ikalia.

— Mficha uchi hazai, alisema Dira, na kwa mara ya kwanza ile methali ilikaa mahali pake.

— Mimi nilijua tangu mwanzo, alisema Askofu.

Mimi na Dira tukamtazama, kisha tukatazama mawe. Hakuinuka.