Saengda, Aliyeitwa kwa Jina la Mwingine

Waheshimiwa watawa, ndugu, majirani na wenzake wa kiwandani, kabla hatujapanda ngazi za tanuri la kuchomea maiti kuweka maua yetu juu ya jeneza, niruhusuni mimi Inson, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu Saengda.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, wilayani Ko Kha, mkoani Lampang, miaka miwili baada ya dada yetu Fongkaew kufa kwa ugonjwa wa damu akiwa na miaka sita, na kwa kuwa mama alikuwa ameupaka mwili wa Fongkaew masizi kisiginoni ili akirudi duniani atambulike, na Saengda akazaliwa na doa jeusi kisiginoni hapohapo, nyumba nzima ilimwita Fongkaew, akalishwa chipukizi za mianzi asizozipenda, eti kwa sababu yule wa kwanza alizipenda sana.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1965 hadi 1969, akiwa amechelewa mwaka mzima, kwani alipotimiza miaka sita, uso umempauka kama wa Fongkaew, alikataa kutoka nyumbani, akingoja kufa kama yeye.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha mabakuli, akiyachora majogoo, na siku niliyomtania kwamba majogoo yake yamenenepa kuliko mchoraji alinichapa brashi mbele za watu. Mwaka 1983 aliolewa na Bwana Khammun, wakajaliwa binti mmoja, Orathai, jina ambalo halijawahi kuwamo katika ukoo wetu, naye alilichagua makusudi.

Mwaka 1994 daktari wa hospitali alipima damu yetu sote, akatueleza kwamba Saengda alirithi ugonjwa uleule uliomuua Fongkaew, ila mtoto akiwa tumboni huwa na damu ya namna yake, na jeni zinazoitengeneza huzimwa baada ya kuzaliwa, lakini za Saengda hazikuzimika sawasawa, na damu hiyo ya kichanga ndiyo iliyombeba hadi utu uzima. Dada alilia kwa furaha palepale, akasema, "Basi mimi si yeye."

Mama alimshika mkono, akamwambia kwa upole, "Ni yeye, mwanangu. Ndiye anayekataa zizimwe."

Nilimchukia mama siku ile.

Kuanzia 2016 madini ya chuma yaliyojaa mwilini kwa ugonjwa huo yalimdhoofisha ini na moyo, na tarehe 2 Novemba 2019, mchana, mama akiwa ameshafariki zamani, dada alifumbua macho akaniambia, "Inson, kuna mtu nje anamwita Fongkaew. Kamwambie hayupo." Nilitoka, sikuona mtu, lakini nilisema kwa sauti kama nilivyotumwa, na niliporudi ndani alikuwa ameshakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wachoraji wenzake waliofunga kazi ili wamsindikize.

Pumzika kwa amani, Saengda, na ukirudi, urudi wewe.