Kufuli Kumi na Moja za Agnetha Bujiku, 1971–2025

Mliokaa kwenye viti na mliokaa chini kwenye turubai, familia ya Bujiku wa Songwa na ya Pantaleo wa hapa Rwamgasa zinawaomba msikilize maisha ya Agnetha Bujiku, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Klara.

Agnetha alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, Songwa, Kishapu, akiwa wa kwanza katika watoto watatu. Baba yake, mzee Bujiku, alikuwa mlinzi wa geti, na hata nyumbani alikuwa mtu wa funguo: ya stoo, ya kabati la sukari, ya chumba cha nyuma. Aliyemfuata Agnetha ni Charles, aliyezaliwa mwaka 1974. Charles hakuweza kukaa peke yake mpaka alipofika miaka minne, hakusema neno, na shingo yake ilikuwa haina nguvu, lakini akisikia kengele ya baiskeli alicheka mpaka anakohoa. Siku hizo hakuna aliyejua kuiita hali hiyo mtindio wa ubongo. Wageni wakija, Charles aliwekwa chumba cha nyuma na mlango ukafungwa. Agnetha alikuwa akimpenyezea matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, kipande kimoja kimoja chini ya mlango. Kila Charles akipata kipande, aligonga mlango mara moja.

Agnetha alianza shule ya msingi mwaka 1979 na kumaliza darasa la saba mwaka 1985. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuongea. Tarehe 20 Agosti 1983, siku ya Jumamosi, nyumba nzima ilikwenda kumzika jirani kijiji cha pili. Charles alifungiwa. Ufunguo ulishinda mfukoni mwa mzee Bujiku, na chumba kile kilikuwa na bati tupu juu, bila dirisha. Waliporudi alasiri, Agnetha alipenyeza kiazi chini ya mlango, akasubiri kugongewa. Hakugongewa. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jambo hili alilisimulia mara moja tu maishani, akipepeta mchele, na hakulirudia.

Mwaka 1990 alikuja Rwamgasa kwa shangazi yake, akawa anauza uji maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Huko ndiko alikokutana na Pantaleo, mchimbaji kutoka Biharamulo.

"Dada, uji wako una mchanga," Pantaleo alimwambia.

"Mchanga ni wako. Umekuja nao kwenye ndevu."

Kesho yake Pantaleo alirudi amenyoa. Walifunga ndoa kanisani Katoro tarehe 17 Septemba 1994, wakajaliwa watoto wawili, Klara na Fredy.

Mwaka 2014 alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kitongoji, akapata mafunzo ya wiki tatu ya kuwatembelea wagonjwa wa akili na watoto wenye ulemavu majumbani. Kazi yake ninyi mnaijua. Alikuwa akiingia na baiskeli yake, anapiga kengele nje, anatulia, anasikiliza ndani kuna nani asiyetajwa. Aliwafundisha akina mama kumnyoosha mtoto viungo. Vipande vya matimba, magogo ya kuzuia duara lisibomoke, alimpelekea fundi seremala akawatengenezea watoto viti vya kukalia. Waliohitaji sindano ya kila mwezi aliwafuata tarehe yao, akawasindikiza zahanati.

Na alipomkuta mtu amefungwa mnyororo, hakugomba. Alikaa chini pale pale, siku hata tatu, mpaka kaya ikubali. Kisha alisema: "Ufunguo kaeni nao ninyi. Kufuli nakaa nayo mimi. Siku mkiihitaji, mje mniombe usoni."

Watu walimcheka. "Mama Klara, kufuli si zimejaa Katoro?"

"Kanunue. Muuzaji akikuuliza ya nini, umjibu."

Hakuna aliyekwenda kununua. Kufuli zile zilining'inia kwenye waya nyuma ya mlango wa jiko lake. Zilifika kumi na moja. Ya kumi na moja, ile kubwa iliyofungwa kipande cha mpira wa baiskeli, aliipata mwaka 2019 kwa Baba Mayala, mzee Mwigulu. Mayala, mwanawe, alikuwa na miaka ishirini, amefungwa kwenye nguzo ya banda la ng'ombe kwa sababu alikuwa akisikia sauti na kuzifuata kuelekea maduarani.

"Maduara yako wazi kila upande," mzee Mwigulu alimwambia. "Akitumbukia, utashuka wewe?"

"Nitashuka."

"Na mwili huo?"

"Mtanisukuma."

Hata Mayala alicheka. Tangu siku hiyo alichomwa sindano kila tarehe 16, akatulia, akawa anachota maji na kuchunga. Mzee Mwigulu hakuwa mkatili. Alikuwa anaogopa, na Mama Klara alisema hivyo daima.

Agnetha alianza kuumwa Januari mwaka huu, akaficha. Yeye aliyewafichua wagonjwa wa watu, kanga yenye damu aliifua peke yake. Mwezi Machi, Mwanza, walimwambia ni saratani ya shingo ya kizazi, na imekwenda mbali. Mwishoni mwa Mei aliomba arudishwe nyumbani, akalazwa chumba kinachotazama jikoni.

Hapo watu walianza kuja. Walikuja na sukari, na maziwa, na pole. Walikunywa chai. Kisha macho yao yakaenda kwenye mlango wa jiko.

"Mama Klara," alisema Paskalina, ambaye binti yake Nelly ana kifafa, "ile kufuli yetu bado ipo?"

"Ipo."

"Nilikuwa naulizia tu."

"Wewe ni wa tano wiki hii. Ng'wanone, mwanangu, mnaniona nimeshakufa?"

Paskalina alilia, akaomba radhi. Wengine hawakulia. Walitazama tu ule waya, wakaaga. Agnetha akamwambia mdogo wake Martina: "Nikifa, nizikwe nazo zote. Ziwekeni miguuni. Isibaki hata moja."

Tarehe 16 Juni hakuweza kusimama. Alituma ujumbe kwa mzee Mwigulu ampeleke Mayala sindano. Jibu likaja kwamba atampeleka. Asubuhi ya Jumatano tarehe 18 Juni 2025, aliuliza neno moja: "Mayala kachomwa?" Martina akasema ndiyo. Martina hakuwa na hakika. Alitaka dada yake atulie. Saa tatu asubuhi Agnetha alifariki, akiamini.

Ameacha mume, Pantaleo, watoto wawili, Klara na Fredy, wajukuu watatu, na mdogo wake, Martina. Ameacha pia nyumba kumi na moja ambazo hakuna tena kengele ya baiskeli itakayolia nje yake bila kutarajiwa.

Yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyoshika, iliyochapwa Katoro juzi. Yameandikwa kwa kalamu leo asubuhi.

Alfajiri Martina aliziondoa kufuli kwenye waya ili azioshe, aziweke jenezani. Alizihesabu mara tatu. Ziko kumi. Jana jioni zilikuwa kumi na moja. Inayokosekana ni ile kubwa, yenye mpira wa baiskeli.

Zahanati wamesema Mayala hakuonekana tarehe 16. Siku zote tatu za msiba Mayala alikuwa hapa akichota maji, akiongea peke yake kidogo, akicheka. Leo hayupo. Mama Mayala alipoulizwa aliko, alisema, "Amebaki," akainamisha kichwa. Ni saa saba na nusu sasa. Tumetoka huko majumbani kwetu tangu saa mbili, na jua mnaliona.

Baba Mayala, shikamoo. Familia inakuona hapo mstari wa pili. Hatujakutangaza ili uaibike, marehemu asingetaka. Alijua unachokiogopa, na sisi tunajua kwamba maduara bado yako wazi. Lakini ulitakiwa umwombe usoni, na uso wake leo tumeshaufunika. Ufunguo uko mfukoni mwako. Pikipiki ya Fredy imewashwa hapo nje, na nesi wa zahanati amekubali kwenda pamoja nanyi. Mkifika, kabla hujafungua, mwite. Gonga mara moja, usikilize.

Ndugu, jeneza halitashushwa. Kaburi limechimbwa na halikimbii. Tutakaa hapa hapa mpaka Mayala aje kwa miguu yake na kufuli ya kumi na moja mkononi, aiweke na zile kumi.

Baada ya hapo, si kabla, Mama Klara apumzike kwa amani.